UZI: Draiva ya skrini kwenye kompyuta kuukuu – anza na chipu, jina la mashine baadaye

Fundi_Mtindwa

Wadau, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aruke hadi penye namba.

Tangu Microsoft wafunge masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, mashine za zamani zimerudi mezani kwa wingi. Windows 11 haizitaki: inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama), na kwa Intel inataka prosesa za kizazi cha 8 kwenda mbele. Basi watu wanafuta na kuweka upya Windows 10 ileile, wengine wanarudi Windows 7, wengine wanahamia Linux. Ikishawekwa upya, malalamiko ni yaleyale. Herufi zimenenepa, picha imevutwa kwa upana, video inakatakata, dirisha ukilisogeza linajikokota, na lile chaguo la kuilaza mashine limepotea kwenye menyu. Mwenyewe anaapa monita imekufa.

Mara nyingi hakuna kilichokufa. Windows imekosa draiva ya chipu ya picha (programu inayoiwezesha Windows kuitumia chipu hiyo), ikaweka ya dharura. Kwenye Windows 7 utaiona kwa jina "Standard VGA Graphics Adapter". Kwenye 8 na 10 ni "Microsoft Basic Display Adapter". Kazi yake ni kukuonyesha kitu kwenye skrini hadi draiva halisi ipatikane. Kazi yote ya kuchora inabebwa na prosesa huku chipu ya picha ikikaa bure.

Sasa mtu anakuja kwenye kundi: "Nipeni draiva ya OptiPlex 780" (modeli ya Dell ya mezani). Swali hilo peke yake halitoshi. Mashine nyingi za majumbani hapa Nairobi ziliingia kama ex-UK (mitumba ya Uingereza), zikapita maduka ya Luthuli au River Road, zikafunguliwa, zikaongezewa hiki na kutolewa kile. Stika ya Windows Vista ubavuni haikwambii kilichomo ndani leo. Nimeona kasha la Dell lenye kadi ya AMD ndani na mwenyewe ana faili tatu za Intel kwenye desktopu, zote zimegoma, naye anailaumu Windows.

Kwa hiyo uliza chipu yenyewe. Fungua Device Manager (Windows 7: andika devmgmt.msc kwenye menyu ya Start), nenda "Display adapters", bonyeza kitufe cha kulia cha mausi, Properties, kisha Details, halafu kwenye orodha chagua "Hardware Ids". Utaona mstari kama huu:

PCI\VEN_8086&DEV_2E12&SUBSYS_...

VEN ni mtengenezaji wa chipu. 8086 ni Intel (ndiyo, ni namba ya prosesa yao ya mwaka 1978, walijipa kama kitambulisho). 10DE ni NVIDIA. 1002 ni AMD, zamani ATI. DEV ndiyo chipu yenyewe. Na tarakimu nne za mwisho za SUBSYS hutaja aliyeunda kasha au kadi: 1028 ni Dell, 103C ni HP. Ukiwa na mstari huo hata mtu aliye Kisumu anaweza kukusaidia bila kuiona mashine.

Ukikuta Intel. OptiPlex 755 na wenzake wa 2007 wana chipu ya picha ya GMA 3100. Draiva zake ziliishia Windows 7. Kuna wanaolazimisha ya Windows 7 iingie kwenye 10. Mimi sishauri, utaamka siku moja baada ya sasisho na skrini nyeusi. Hiyo mashine ibaki na 7 bila intaneti, au ipewe Linux, au itafutiwe kadi.

OptiPlex 780 ina GMA 4500. Hapa watu huchanganyikiwa kwa sababu Intel hawakuwahi kuitolea draiva ya Windows 10, kwa hiyo ukitafuta kwenye tovuti yao unarudi mikono mitupu. Lakini Microsoft wanayo: inaletwa na Windows Update, toleo 8.15.10.2702, na kwenye Device Manager inajitambulisha kwa maneno "WDDM 1.1". Ni ya enzi za Windows 7, lakini inatosha kabisa kwa kazi za nyumbani.

OptiPlex 790 na HP Compaq 8200 Elite, za 2011, mara nyingi zina HD Graphics 2000. Hadithi ni hiyohiyo: Intel hawaiungi mkono kwenye 10, ila Windows Update ina 9.17.10.4459 nayo hukaa vizuri.

Ukikuta NVIDIA. Wao hukata kadi kwa vizazi, na kila kizazi kina draiva yake ya mwisho. GeForce 8, 9, 200 na 300, pamoja na ile GeForce 210 iliyojaa mitaani, mwisho wao ni 342.01 ya Desemba 2016. GeForce 400 na 500 mwisho ni 391.35 ya Machi 2018. Nyingi za 600 na 700 ziko tawi la R470, lililoendelea kupewa viraka vya usalama hadi 2024. Ukiiwekea GeForce 210 draiva mpya ya mwaka huu, programu itasema haioni kadi inayofaa, na itakuwa inasema kweli.

Angalizo kubwa ni GT 730. Jina moja, chipu tofauti! Kuna yenye DEV_0F02, ambayo ndani yake ni chipu ya kizazi cha Fermi, hiyo ni ya 391.35. Kuna yenye DEV_1287, ambayo ni Kepler, hiyo ni ya tawi la R470. Boksi linafanana na muuzaji hajui tofauti. Ndiyo maana nasisitiza namba.

Ukikuta AMD. Radeon HD 5450 ndiyo ya kawaida, kadi fupi ya 2010. HD 5000 na 6000 ziliachwa kwenye draiva ya Catalyst 15.7.1 ya 2015, na baadaye Crimson 16.2.1 ya majaribio. Anza na 15.7.1.

Halafu biti. Windows ya biti 32 inataka draiva ya biti 32, hakuna mjadala. NVIDIA waliacha kutengeneza za biti 32 baada ya tawi la 390.

Kabla hujagusa kitu, angalia saa ya kompyuta. Betri ya CR2032 kwenye mazabodi (ubao mkuu wa ndani) ikiisha, tarehe inarudi miaka ya nyuma, na kivinjari kinakataa kila tovuti salama kwa sababu vyeti vyake vinaonekana "bado havijaanza kutumika". Mtu anadhani intaneti ina shida. Rekebisha tarehe, na ukipata nafasi badilisha hiyo betri.

Wa Windows 7: hakikisha una Service Pack 1, kisha masasisho ya KB4490628 na KB4474419. Bila hizo Windows haielewi saini za SHA-2 (muhuri wa kuthibitisha faili ni halali) na draiva inaweza kugoma kwa kosa namba 52. Watu hulaumu faili kumbe shida ni Windows yenyewe.

Pa kushusha: tovuti ya aliyeunda mashine (Dell wana Service Tag ya herufi na tarakimu 7 nyuma ya kasha), tovuti ya NVIDIA au AMD, na Microsoft Update Catalog, ambayo watu wengi hawaijui kabisa. Huko unaandika ile VEN na DEV, inakuletea faili la .cab. Lifungue hivi kwenye Command Prompt:

expand -F:* faili.cab C:\draiva

Kisha Device Manager, Update driver, chagua kutafuta kwenye kompyuta, halafu "Let me pick", halafu "Have Disk", elekeza kwenye faili la .inf (lenye maelekezo ya kuweka draiva) ndani ya hiyo folda. Njia hii pia hukuokoa pale programu ya kuweka draiva inapokataa kufunguka: fungua .exe kwa 7-Zip, tafuta .inf, endelea.

Kama unabadilisha kutoka NVIDIA kwenda AMD au kinyume chake, safisha mabaki ya zamani kwa DDU (programu ya kufuta draiva) ukiwa Safe Mode, na chomoa intaneti kwanza. Usipochomoa, Windows Update inaruka na kuweka ya kwake kabla hujamaliza. Na tafadhali, tengeneza "restore point" ya kurudia mambo yakiharibika. Stima hukatika wakati usioutarajia, na UPS nyingi za mitaani betri zake zilishakufa zamani.

Skrini ikizima sekunde chache wakati draiva inawekwa, tulia, ni kawaida. Ikibaki nyeusi kwenye Windows 10, bonyeza Windows+Ctrl+Shift+B uiamshe draiva. Ikigoma, ingia Safe Mode (Windows 7 ni F8 wakati wa kuwasha), rudi Device Manager, bonyeza "Roll Back Driver".

Zile programu zinazotangaza "mashine yako ina draiva 27 zilizopitwa na wakati" muziache. Draiva ya mwaka 2016 kwenye kadi ya 2009 haijapitwa na chochote, ndiyo ya mwisho iliyopo.

Karibuni na namba zenu.

---

Saiba_Githurai

Boss, haya yote ya nini? Mimi nina fleshi yenye mkusanyiko wa draiva zote, nachomeka, nabonyeza mara moja, naenda kunywa chai. Nikirudi sauti iko, mtandao uko, skrini iko. Mashine za saiba yangu zote nimefanya hivyo.

---

Fundi_Mtindwa

@Saiba_Githurai sikatai, mashine isiyo na draiva ya mtandao haiwezi kujishushia ya skrini, na hapo fleshi yako ni dawa. Ninachopinga ni kile kitufe cha "weka zote". Kinachagua chenyewe, kinabadilisha hata zilizokuwa sawa, na kingine kinakuachia kivinjari ambacho hukuomba. Itumie fleshi kama ghala tu: "Have Disk", elekeza kwenye folda, chukua ya skrini, basi.

---

Saiba_Githurai

Hapo kwa kivinjari umenishika 😂 Kweli kila mashine ilikuwa imejaa matangazo. Lakini kwa mwenye mashine nyingi bado naona yako inachukua muda.

---

Fundi_Mtindwa

Zikiwa za aina moja, tengeneza folda moja yenye .inf sahihi kisha kwenye Windows 10 fungua Command Prompt kama msimamizi:

pnputil /add-driver C:\draiva\*.inf /install

Iweke kwenye faili la .bat. Utabonyeza mara moja na chai yako utakunywa.

---

MamaTriza_Umoja

Hamjambo. Mimi si mtu wa kompyuta, naomba msinicheke. Tulinunua Dell ya kasha dogo, ya kijana wangu ya kazi za shule. Aliweka Windows 10 upya na binamu yake, sasa kila kitu ni kikubwa na kimevutika. Fundi mmoja wa town ametuambia mazabodi imeharibika tununue nyingine. Ni kweli? Monita ni ile ya mraba ya inchi 19.

---

Fundi_Mtindwa

Mama Triza, usitoe pesa bado. Mazabodi ikiharibika sehemu ya picha, kwa kawaida unaona mistari, rangi za ajabu au giza tupu. Picha iliyovutika tu ni draiva. Monita za mraba za inchi 19 kwa kawaida ni 1280 kwa 1024, na draiva ya dharura mara nyingi inakupa 1024 kwa 768, ndiyo maana herufi zinanenepa. Mwambie kijana apige picha ule mstari wa "Hardware Ids" niliouelezea hapo juu, autume hapa.

---

Mpwani_SouthC

Fundi, suala la kebo hujaligusa. Mimi nilikuwa na draiva sahihi kabisa, HD Graphics 2000, toleo lilelile ulilotaja, na skrini ikang'ang'ania 1024 kwa 768 kama imepigiwa misumari. Nikabadilisha waya wa VGA tu. Ikafunguka mpaka 1440 kwa 900 bila kugusa kitu kingine.

Sababu yake ni kwamba monita hujitambulisha kwa kompyuta kupitia pini ya 12 na ya 15 za VGA. Nyaya za bei rahisi nyingine hazina waya humo, na nyingine pini yenyewe imepinda au imekatika. Kompyuta isiposikia jina la monita, inakupa vipimo vya woga. Itazameni ncha ya waya kabla ya kushusha chochote, ndugu zangu.

---

Fundi_Mtindwa

Shukrani Mpwani, hiyo inapaswa kuwa juu kabisa ya uzi. Njia ya kutofautisha: Device Manager ikitaja jina halisi la chipu na bado vipimo vimekwama, mtuhumiwa ni kebo. Ikisema "Basic Display Adapter", mtuhumiwa ni draiva. Na mwenye kadi ya kuongeza, chomeka monita kwenye kadi. Tundu la mazabodi mashine nyingi hulizima kadi ikishaingia, hapo utaona giza na kudhani umeua kitu.

---

Pengwini_Roysambu

Na sisi wa Linux je? Kwa Intel zote ulizotaja hakuna cha kushusha. Draiva yake, i915, imo ndani ya kerneli (kiini cha Linux). Hata hiyo GMA 3100 uliyoifukuza Windows 10 inawaka ikiwa na vipimo sahihi kutoka siku ya kwanza. Weka Linux Mint kwenye fleshi, iwashe bila kuifuta Windows, tazama skrini. Ukiipenda, weka. Usipoipenda, chomoa fleshi uende zako.

Wenye GeForce 210 kaeni na nouveau, draiva huria ya kadi za NVIDIA, nayo imo ndani tayari. Draiva ya NVIDIA yenyewe ya tawi la 340 walikoma kuishughulikia mwisho wa 2019, na kwenye kerneli mpya ni vita tu. Kasi ya michezo hamtapata, lakini kadi hiyo haikuwa nayo hata zamani, tusidanganyane.

Ukiwasha na skrini ikawa nyeusi kwa sababu ya kadi, kwenye menyu ya kuwashia bonyeza e, ongeza nomodeset mwishoni mwa mstari wa linux, kisha F10. Ikishafunguka tatua shida yako halafu UITOE. Kuna watu wanaiacha humo miaka, kisha wanasema Linux ni nzito. Ikiwa nomodeset, chipu haifanyi kazi, mmerudi kulekule kwa draiva ya dharura.

---

MamaTriza_Umoja

Kijana ametuma hii: PCI\VEN_8086&DEV_2E12&SUBSYS_ halafu tarakimu, mwisho wake ni 1028. Na chini ya "Display adapters" imeandikwa Microsoft Basic Display Adapter.

---

Fundi_Mtindwa

Safi kabisa. 1028 ni Dell, 2E12 ni GMA 4500. Mazabodi yenu ni nzima. Draiva iko Windows Update. Mashine iunganishwe na intaneti, afungue Settings, Update & Security, abonyeze kutafuta masasisho, kisha "View optional updates" kama ipo, aangalie sehemu ya draiva.

Mnatumia intaneti gani?

---

MamaTriza_Umoja

Ya simu yangu. Bando ni la kubahatisha, ndiyo maana binamu yake aliweka "metered" ili Windows isimalize data.

---

Fundi_Mtindwa

Basi tumempata mchawi. Mtandao ukiwekwa "metered", Windows 10 huacha kujishushia draiva mpaka uiruhusu. Kuna njia mbili. Ya kwanza: Settings, Devices, chini kuna "Download over metered connections", aiwashe, amalize, aizime. Ya pili ni nafuu zaidi kwa bando: aende Microsoft Update Catalog, aandike PCI\VEN_8086&DEV_2E12, ashushe lile la toleo 8.15.10.2702 linalolingana na biti za Windows yake, hata kwa simu, ahamishie kwenye mashine kwa kebo, kisha afanye expand na "Have Disk". Hapo masasisho mengine hayatagusa data yako.

---

MamaTriza_Umoja

Amefanya ile ya pili. Skrini ilizima nikashtuka, ikarudi, sasa kila kitu ni cha kawaida na herufi ni ndogo safi. Mungu awabariki. Lakini anasema video za masomo za YouTube bado zinakwama akiweka HD.

---

Pengwini_Roysambu

Hapo draiva imefika mwisho wa uwezo wake. YouTube siku hizi hutuma video nyingi kwa VP9 na AV1 (mifumo ya kubana video), na chipu ya 2008 haina sehemu ya kuzifungua, kwa hiyo mzigo wote unaenda kwa prosesa. Aweke kiongezi cha kivinjari kiitwacho h264ify, kinailazimisha YouTube itume H.264 ambayo ni nyepesi kwa prosesa, kisha abaki 480p. Kwa video za masomo inasomeka vizuri.

---

Saiba_Githurai

Au anunue GT 710 ya NVIDIA tu, ni kadi ndogo, inaingia.

---

Fundi_Mtindwa

GT 710 inakula wati 19 tu, pawa ya kasha dogo inaimudu, na H.264 inaifungua yenyewe. VP9 haiifungui hata hiyo, kwa hiyo h264ify atakuwa anaihitaji bado. Mama, jaribu kiongezi kwanza, ni cha bure. Mkija kununua kadi baadaye, hakikisheni ni ile fupi na imekuja na kile kibati kifupi cha nyuma. Kasha lenu halifungiki na kibati kirefu, na wengi huuza kadi bila kukupa kile kifupi. Muulizeni muuzaji akionyeshe kabla ya kulipa.